Herufi Tisa za Mama

Katika nyumba yetu firigisi ilipiganiwa kwa Kiingereza. Kwa watu wa kwetu, kule magharibi, firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, na mwanamke akionekana anaitafuna kuna wazee watakaokosa usingizi. Lakini baba yetu alifariki nikiwa darasa la tatu. Jumapili ya kwanza baada ya matanga Mama alichinja kuku, akaiweka ile firigisi kwenye kisahani peke yake katikati ya meza, akatutazama mimi na dada yangu, kisha akafungua gazeti.

Gazeti lenyewe lilikuwa la juzi. Mama alikuwa karani katika kiwanda cha nguo hapa Eldoret, na magazeti yaliyokwisha kusomwa na wakubwa wake yalimfikia yeye kabla ya kwenda kufungia nyama. Ukurasa wa nyuma kulikuwa na chemshabongo, mraba wenye herufi tisa, tatu kwa tatu. Kazi ni kutafuta maneno ya Kiingereza yanayoweza kutengenezwa na herufi hizo. Kila neno liwe na herufi nne au zaidi, na ile herufi ya katikati lazima iwemo. Mahali fulani humo kuna neno moja kubwa linalozitumia zote tisa. Atakayelipata, Mama alisema, firigisi ni yake.

Alilipata yeye. Akaila mbele yetu, polepole, bila haya. Baba mdogo alipopata habari alikuja kutoka kijijini kuuliza kama ni kweli. Mama akamwambia ni kweli, na akamkaribisha ajaribu. Baba mdogo alikaa na zile herufi mpaka chai ikapoa, akapata neno "goat", akaondoka na hasira zake. Mimi katika maisha yangu yote nimeila firigisi ile kama mara sita hivi, na mara mbili kati ya hizo nashuku nilihurumiwa.

Siku hizi Mama ana miaka sabini na sita. Anaishi peke yake mtaa wa Kapsoya, hapa hapa Eldoret, kwenye nyumba aliyoijenga chumba kimoja kimoja kwa mshahara wa ukarani. Mimi naishi barabara mbili kutoka kwake, nina duka la vifaa vya ujenzi. Mke wangu ni muuguzi Kakamega na huja nyumbani mwisho wa mwezi, watoto walishatawanyika. Dada yangu aliolewa Timboroa, wanalima viazi. Chemshabongo haikukoma. Tuliobaki kuicheza ni mimi na Mama, kila siku isipokuwa Jumapili.

Hapa kwetu mtu hanunui gazeti, anakodi. Karibu na steji kuna mzee mmoja aliyehamia hapa kutoka Nyandarua zamani sana, hutandaza magazeti yake juu ya gunia. Unampa shilingi ishirini, unakaa kwenye benchi lake, unasoma, unarudisha. Sharti lake ni moja, kalamu isiguse karatasi, kwa maana lisilouzwa linarudishwa kwa wenyewe likiwa kama jipya. Ukishika kalamu vibaya anakutazama kama mtu aliyeingia kanisani na panga. Kwa hiyo mimi hubeba kipande cha katoni ya misumari, nikanakili zile herufi tisa haraka haraka, kuna mwingine nyuma yangu anangoja, halafu nikakiacha kwa Mama nikienda kufungua duka. Saa kumi na moja jioni napita kusikia amepata maneno gani.

Ndivyo tulivyokuwa tukiishi, vizuri kabisa, mpaka baada ya Pasaka mwaka huu.

Kwanza alinipa chai isiyo na majani. Maziwa ya moto na sukari, kisha akaniuliza kama yamekolea. Wiki iliyofuata nilikutana naye barabarani siku ya Jumamosi amevaa nguo za kanisani, Biblia kwapani. Halafu akamwita binti yangu kwa jina la marehemu dada yake, mara mbili katika simu moja. Vitu vidogo. Nilifanya kosa la kumwambia dada yangu, na dada yangu ana tabia ya kuona msiba kabla haujabisha hodi.

"Huyo Mama ameanza kupotea," alisema kwenye simu. "Mama mkwe wangu alianza hivyo hivyo. Kwanza ni chai, baadaye ni moto jikoni. Wewe uko hapo karibu, angalia vizuri."

Basi nikaanza kuangalia. Nilinunua kidaftari kidogo, nikawa kila jioni nahesabu maneno aliyopata, naandika idadi nikiwa nimeficha mkono chini ya meza. Najua ilikuwa tabia ya ushushushu. Zamani Mama hakupungua maneno ishirini na tano, na lile kubwa alilitaja kama mtu anayetaja jina la mtoto wake. Wiki ya kwanza ya kidaftari alipata kumi na manne. Wiki ya pili tisa. Baadaye yakawa sita, na siku nyingine matano, na lile neno kubwa halikuonekana kabisa kwa wiki tatu.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nasimama dukani napimia mteja misumari nikasahau nimefika wapi, kwa sababu mawazo yangu yote yalikuwa kwenye ile meza ya Mama. Alikuwa akiitazama katoni yangu, ananitazama mimi, anaitazama tena katoni, anashusha pumzi. "Leo ni hizi tu, baba," anasema. Kisha ananisindikiza mpaka kwenye geti na kunishika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Ananiuliza kama nimekula. Kama nimefunga gesi. Halafu ananiuliza, kwa sauti ya chini, leo ni siku gani. Nilimjibu, nikiamini kwamba hajui.

Dada yangu aliamua haraka, kama anavyoamua mambo yote. Mama ahamie kwake Timboroa. Kuna wafanyakazi, kuna msichana wa nyumbani, hatakaa peke yake na jiko. Nyumba ya Kapsoya ipangishwe. Nilijua Mama hapendi Timboroa, mahali ambapo hata mwezi wa pili watu wanatembea na makoti mawili, na nilijua kwamba ukimtoa kwenye ile nyumba umemtoa kwenye kila kitu. Hata hivyo nilisema ndiyo. Nilisema ndiyo kwenye simu nikiwa nimesimama kati ya mabati na makopo ya rangi, kisha nikafunga duka mapema nikaenda nyumbani kulala mchana. Tukakubaliana tumwambie Jumapili, baada ya kanisa, tukiwa wote wawili.

Dada alipompigia kumwambia anakuja, Mama alimjibu, "Njoo. Hata mimi nilikuwa nataka kukuita." Hatukulitilia maanani.

Jumamosi asubuhi nilipomrudishia yule mzee gazeti lake, hakulipokea mara moja.

"Mkubwa," alisema, "pole na hiyo maneno ya kichwa."

"Kichwa gani?"

Akalichukua, akaanza kulikunja polepole. "Si Mama yako aliniambia. Lakini mimi sitaki kuingilia maneno ya familia."

"Mzee, ushaingia. Alikuambia nini?"

Alitazama kushoto, akatazama kulia. "Yeye huja hapa kila siku saa nne, ukishaenda duka. Anakodi hii gazeti umerudisha. Anaweka hiyo katoni yako kando, anaangalia hapa, anaangalia hapa, anatingisha kichwa. Ati umeandika vibaya. Ati siku hizi huwezi hata kunakili herufi tisa. Halafu sasa anafanya ile ya ukweli. Jana amepata thelathini na moja, na ile kubwa alipata kabla sijauza gazeti mbili."

Nilimwomba arudie. Akarudia, thelathini na moja.

"Na mbona hajaniambia mimi?"

"Sasa mtu ataambiwaje kitu kama hiyo? Alisema hataki uaibike. Alisema ni kichwa imeanza kwenda, na wewe bado ni kijana. Akaniapisha nisikuambie. Lakini mimi ni mtu wa magazeti, siri ikikaa kwangu inaniwasha."

Mimi kijana mwenyewe nina miaka hamsini na mitatu. Yule mzee alitia mkono kwenye koti akatoa miwani yake, iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, akaniambia nivae. Nikavaa. Nikakamata gazeti mkono mmoja, katoni yangu mkono wa pili. Tangu Pasaka lile gazeti lilikuwa limeiminya chemshabongo kwenye kona ili tangazo la minada lipate nafasi. Niliona, nikawalaani wahariri, na haikunijia akilini kwamba tatizo lingeweza kuwa langu. Katikati ya mraba palikuwa na U. Mimi nilikuwa nimeandika V. Pembeni kulikuwa na G, mimi nimeweka C. Na miwani usoni lile neno kubwa lilinirukia lenyewe, "neighbour". Kutoka kwenye katoni yangu lisingetoka hata kama ungekaa nayo mpaka Krismasi.

Kwa hiyo wiki zote zile Mama alikuwa akikamua maneno sita kutoka kwenye herufi mbovu, na mimi nikamwandikia sita, nikamwonea huruma. Mimi nisingepata hata mawili.

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro. Nilicheka mpaka vijana wa boda boda wakauliza kama niko sawa, na mmoja akaniletea maji. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwa kushinda kitu chochote. Mama yangu yupo! Yupo mzima, na akili zake zote, na bado ananidharau kama zamani. Nilinunua gazeti zima kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, na mzee akanipa kalamu yake mwenyewe. "Sasa hiyo ni yako," akasema. "Chora hata ndevu."

Dada yangu hakushawishika. "Na chai isiyo na majani?" aliuliza kwenye simu.

"Kwani wewe hujawahi kusahau majani?"

"Mimi nina wafanyakazi. Tutaona kesho."

Mchana huo nilienda mjini nikanunua miwani ya kusomea, na kile kidaftari nikakitupa chooni.

Jumapili dada alifika na gunia la viazi na kabichi nne. Mama alikuwa amepika kuku. Niliona cherehani yake imehamishiwa sebuleni, imekaa vibaya karibu na televisheni, na kwa sekunde moja ule woga wa zamani ukanirudia. Tulikula. Mama akaomba, sala ndefu kidogo, kisha akakohoa.

"Nimewaita hapa," alianza.

"Mama," dada akasema, "si mimi nilisema nakuja?"

"Ulisema unakuja. Lakini mimi ndiye nimewaita." Akainua kitambaa cha meza akatoa bunda la vipande vya katoni, vimefungwa kwa mpira. Vyote vyangu. Kila kimoja kilikuwa kimesahihishwa kwa kalamu nyekundu. "Ni juu ya huyu ndugu yako. Kichwa yake haiko sawa. Angalia. Herufi hazijui tena. Alikuja hapa na kiatu moja nyeusi na ingine ya kahawia."

"Stima ilikuwa imepotea," nikasema.

"Nyamaza. Halafu ana kidaftari. Anaandika akifikiri simwoni. Watu wakianza kusahau huandika kila kitu, nimeona kwa wengi. Nimekuwa nikimuuliza siku, nione kama anajua." Sauti yake ikatetemeka hapo. Dada yangu alinitazama mimi, akazitazama katoni, akanitazama tena, na nikaona anahesabu upya mambo yote tuliyosema kwenye simu.

Nilitoa miwani mfukoni, nikavaa, nikasema, "Mama, ni macho."

Hakuniamini. Alileta kitabu cha nyimbo, kile chenye maandishi madogo, akachagua ukurasa. Nikasoma beti mbili. Akaichukua ile miwani akaichunguza, akanivua, akaniambia nisome tena bila, nikakwama kwenye mstari wa kwanza. Basi akaegemea kiti, akajifunika uso kwa leso, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na analia pia, anasema, "Asante Yesu, ni macho tu, asante Yesu, ni macho tu." Dada yangu akashikwa na kicheko chake cha Timboroa kinachosikika shambani. Tulicheka wote watatu mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

Dada alijaribu maswali yake hata hivyo. Chai? "Nilikuwa namtazama huyu mkono ukitafuta kikombe, nikasahau majani." Jumamosi kanisani? "Zamu ya akina mama kuosha kanisa. Tukimaliza tunasoma neno, sasa mtu aende na ndoo tu, bila Biblia?" Na jina la mtoto? "Hiyo nilisahau," Mama alisema. "Mimi ni mzee." Wiki iliyofuata tulienda kliniki wote wawili. Yeye aliambiwa presha iko juu kidogo na kichwa hakina neno. Mimi nikaandikiwa miwani ya maana, na daktari akaniuliza nimekuwa nikiendeshaje duka. Mpaka leo Mama yuko Kapsoya, na maneno yake hayashuki chini ya ishirini na nane.

Lakini ile Jumapili haikuishia kwenye kicheko. Alipokwisha kujipangusa macho aliniuliza, "Na hicho kidaftari, ulikuwa unaandika nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimefurahi mno, nikawa mjinga, nikamwambia ukweli. "Nilikuwa nahesabu maneno yako, Mama. Yalikuwa yanapungua."

"Ulifikiri ni mimi."

"Ndiyo."

Akageuka kwa dada. "Na yakiisha, mngefanya nini?"

Dada aliangalia lile gunia la viazi. Nikaona ni zamu yangu, maana ndiyo niliisema mimi. Nikamwambia tulikuwa tumepanga aende Timboroa, na hii nyumba ipangishwe.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alirudia tu lile neno, Timboroa, kisha akasema, "Kuna baridi huko." Akainuka, akashika ukuta kidogo kwa sababu ya goti lake, akaelekea kile chumba cha nyuma alichokuwa akishonea. "Njooni muone," akasema.

Kilikuwa kimefagiliwa na kupakwa rangi, rangi niliyomuuzia mwenyewe bila kumuuliza ni ya nini. Palikuwa na kitanda karibu na dirisha, ndala mpya za saizi yangu, na redio yake ya jikoni imewekwa juu ya stuli. Alisema alikuwa ameshazungumza na mke wangu, na mke wangu alikubali niwe nakaa huku siku ambazo yeye yuko kazini, nisiachwe peke yangu na gesi. Wenzake wa kwaya ya kanisa nao alikuwa amewaambia hatasafiri nao tena, kwa kuwa atakuwa na mtu wa kuangalia nyumbani.

"Nilitaka dada yako anisaidie kukuambia," alisema. "Sikujua nitaanzia wapi."

Dada yangu alisema anaenda kuona kama gari limefungwa, akatoka nje. Mimi nilikaa kwenye kile kitanda. Mama alikuwa amekitandika blanketi mbili, kwa sababu anajua mimi husikia baridi.